UZI: Yustino Mfiadini, mwanafalsafa aliyebatizwa bila kulivua joho lake

Kalamu ya Mwanzi (mleta mada):

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nitaushusha vipande vipande, kwa hiyo mwenye haraka arudi jioni akiwa ametulia.

Kwa miaka mingi nilimjua Yustino kama jina kwenye kalenda ya liturujia tu. Juni 1, padri kavaa nyekundu, "Mtakatifu Yustino, Mfiadini", misa inaendelea. Baadaye nikakaa na maandishi yake mwenyewe, nikakutana na mtu ambaye sikuwahi kuhubiriwa habari zake. Huyu alibatizwa akiwa mwanafalsafa, na baada ya ubatizo akaendelea kulivaa lile joho la wanafalsafa barabarani, watu wakimsimamisha kwa ajili ya joho hilo hilo. Alimpokea Kristo na hakuchoma alichokuwa amejifunza. Alikipekua, akatenga kilicho kweli, akasema hiki nacho ni cha Kristo. Jambo hilo limenishika na ndilo linalonileta hapa.

Kwao ni Flavia Neapolis, mji ambao Warumi waliujenga mwaka 72 wakati wa Kaisari Vespasian, karibu na Shekemu ya kale katika nchi ya Samaria. Neapolis maana yake "mji mpya", na jina halijafa: leo ndiyo Nablus, Ukingo wa Magharibi huko Palestina. Kile kisima cha Yakobo ambapo Yesu alimwomba maji mwanamke Msamaria kiko hapo hapo. Yustino alizaliwa karibu na mwaka 100. Baba yake aliitwa Priscus, jina la Kirumi, na babu yake Bacchius, jina la Kigiriki. Anajiita Msamaria kwa sababu ya kuzaliwa huko, lakini hakutahiriwa wala hakulelewa na Torati. Kijana wa mataifa kabisa, kisima cha Yakobo kikiwa mlangoni kwake.

Alitaka kumjua Mungu, na katika zama zake kijana mwenye hamu hiyo na uwezo wa nyumbani alikwenda kwa wanafalsafa. Akaanza na Mstoiko. Alikaa naye muda wa kutosha, akaona kuhusu Mungu haongezi kitu, na mwalimu mwenyewe akamwambia elimu hiyo haina ulazima. Akaondoka. Wa pili alikuwa mfuasi wa Aristotle, mtu aliyejiona mwerevu sana, ambaye baada ya siku chache alimtaka wapatane kwanza malipo ili masomo yawe na faida. Yustino akamtoa kwenye hesabu ya wanafalsafa. Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, akamuuliza: umeshasoma muziki? Elimu ya nyota? Jiometri? Bila hayo roho yako haiwezi kuyatazama mambo ya juu. Hajasoma hata kimoja, akarudishwa. Anakiri kwamba huyu alimuumiza, maana alimwona kweli ana kitu.

Mwisho akaangukia kwa mfuasi wa Plato, na hapo moyo ukatulia. Yale mambo yasiyoonekana kwa macho yalimpa mabawa. Anasema kwa ujinga wake alidhani muda si mrefu atamwona Mungu uso kwa uso. Napenda sana anavyoandika sehemu hii, bila kuificha ile furaha aliyoipata kwa Plato.

Nakuja na kipande cha pili.

Kalamu ya Mwanzi:

Siku moja akatafuta mahali pa upweke karibu na bahari apate kutafakari. Akageuka akaona mzee anamfuata nyuma, mpole, mwenye heshima. Wakaanza kuongea.

Mzee hakumhubiria, alimuuliza maswali. Falsafa ni nini? Mungu ni nini? Hao wanafalsafa wanawezaje kusema kweli habari za Mungu ikiwa hawakumwona wala hawakusikia kutoka kwa aliyemwona? Yustino akajibu Kiplato: roho ina undugu na Mungu, inamwona kwa akili. Mzee akaendelea kumbana. Kama roho inamwona, mbona ikiingia mwilini inasahau? Kilichosahauliwa kimefaa nini? Na kama roho haifi kwa asili yake, basi haikuumbwa, na kama haikuumbwa, iko sawa na Mungu. Roho inaishi kwa sababu Mungu anapenda iishi. Uhai ni wa kupewa.

Wakuu, kijana alishindwa hoja pale ufukweni. Akauliza: sasa nikamtafute mwalimu wapi, kama hata hawa hawana ukweli? Ndipo mzee akamtajia manabii, watu wa kale kuliko wanafalsafa wote wale, ambao walisema walichokiona na kukisikia, akamwambia aombe afunguliwe milango ya nuru. Akaenda zake. Yustino anasema hakumwona tena, lakini moto ukawaka mara ndani ya roho yake.

Wasomi wengine wanasema simulizi hii ameitengeneza kwa ufundi, kwa kuwa kuzunguka kwa walimu mmoja baada ya mwingine ni mtindo uliozoeleka katika vitabu vya wakati ule. Ufundi naukubali. Ila kuna ushuhuda wake mwingine, kwenye kitabu chake kiitwacho Utetezi wa Pili, hauna bahari wala mzee. Anasema alipokuwa bado anafurahia mafundisho ya Plato alikuwa akisikia Wakristo wakisingiziwa kila uchafu, halafu akawaona hawaogopi kifo. Akajiuliza: mtu mpenda anasa, mla nyama za watu kama wanavyosema, angekikimbiliaje kifo kinachomkatia hizo anasa? Hoja yake ilianzia kwenye macho yake mwenyewe. Mimi yote mawili nayaamini: aliona kwanza, akili ikafuata.

Sululu:

Mkuu nondo nzito, nimekaa. Swali la haraka: tumebaki na vitabu vingapi vyake? Na nani anahakikisha ni vyake kweli?

Kalamu ya Mwanzi:

Vinavyokubaliwa bila ubishi ni vitatu: Utetezi wa Kwanza, Utetezi wa Pili, na Mazungumzo na Trypho, mjadala wake na Myahudi wa jina hilo. Aliandika vingine, kikiwemo cha kumpinga Marcion, aliyehesabiwa mzushi na Kanisa, ambacho askofu Irenaeus anakinukuu, lakini vimepotea. Kuna pia maandishi ya baadaye yaliyobandikwa jina lake.

Sikia hili ndugu yangu. Hivyo vitatu karibu vyote vimetufikia kupitia nakala moja ya mkono iliyoandikwa mwaka 1363, ipo Paris. Moja! Kama ingeungua au kuliwa na mchwa, leo tungekuwa na vijisehemu tu vilivyonukuliwa na wengine. Kila nikifikiria hilo mwili unanisisimka.

Binti Seminari:

Mleta mada ubarikiwe. Naomba usipite haraka kwenye Utetezi wa Kwanza. Watu wengi wanadhani "utetezi wa imani" ni mahubiri ya kubishana. Neno lenyewe la Kigiriki, *apologia*, ni hotuba ya mshtakiwa mbele ya hakimu. Eleza alikuwa anatetea kesi gani.

Kalamu ya Mwanzi:

Asante dada, umenishika mkono mahali penyewe.

Tuko Roma, kati ya miaka 150 na 155 hivi. Kaisari ni Antoninus Pius, na pembeni yake kuna wanawe wa kupanga, mmoja wao ni Marcus Aurelius ambaye atakuja kuwa Kaisari na mwanafalsafa anayesomwa hadi leo. Yustino anawaandikia kwa majina. Anajitambulisha jina lake, la baba, la babu, na mji wake, halafu anasema anaandika kwa ajili ya watu wa kila taifa wanaochukiwa bila haki, na mimi ni mmoja wao. Jamani! Ukristo ulikuwa kosa la kufa, na huyu anapeleka barua Ikulu yenye jina na anwani ya nyumbani.

Sheria ilikuwaje? Karibu na mwaka 112 Kaisari Trajan alimwagiza Plinio, liwali wake huko Bithinia: msiwatafute, lakini wakiletwa na wakithibitika, waadhibiwe, atakayekana na kuiabudu miungu yetu, aachiwe. Tazama hilo shimo. Hakuna mwizi anayeachiwa kwa kusema "mimi si mwizi tena". Maana yake kilichoadhibiwa ni jina. Yustino anaingia hapo hapo. Jina peke yake, anasema, si jema wala baya. Chunguzeni matendo. Akipatikana Mkristo mwovu, aadhibiwe kwa uovu wake. Asipopatikana na ovu, mnamwua kwa lipi? Anawakumbusha kwamba wao wenyewe wanaitwa wacha Mungu na wapenda hekima, basi wahukumu kama wapenda hekima.

Na anawaambia mnaweza kutuua lakini hamwezi kutudhuru. Aliyemsoma Plato anayatambua maneno hayo, yanatoka kwa Socrates akiwa kizimbani Athens. Watawala waliosoma falsafa wangesikia mwangwi. Ndivyo alivyolitumia joho lake.

Tuhuma kubwa ilikuwa kwamba Wakristo hawana Mungu. Akajibu: kwa hiyo miungu yenu, ndiyo, hatunayo, tunakiri. Lakini kwa Mungu wa kweli, Baba wa haki, hapana. Halafu anageuza meza na kuwauliza habari za watoto wachanga wanaotupwa wakaokotwe na kulelewa kwa ajili ya ukahaba, na kodi ambayo serikali inapokea kutokana na biashara hiyo. Sehemu ile isomeni wenyewe.

Jicho la Mbali:

Nimesubiri ufike kwenye Jumapili, mkuu. Sisi Wasabato tunatajiwa Yustino kila mjadala wa siku ya ibada. Nataka nijue alisema nini hasa, maana kila mtu ananukuu nusu.

Kalamu ya Mwanzi:

Swali la haki. Nakuwekea yote, pamoja na lile linalokupa wewe nafasi.

Utetezi wa Kwanza, sura ya 67. Anasema siku iitwayo ya jua, wote wakaao mijini na mashambani hukusanyika mahali pamoja. Yanasomwa makumbusho ya mitume, yaani Injili, au maandiko ya manabii, kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akimaliza, msimamizi anaonya na kuwahimiza wayafuate hayo mema. Kisha wote wanasimama na kusali. Sala ikiisha inaletwa mikate, divai na maji. Msimamizi anasali na kushukuru kwa kadiri ya uwezo wake, na watu wanaitikia Amina. Katika sura ya 65 anawafafanulia Warumi kwamba Amina ni neno la Kiebrania, maana yake na iwe hivyo. Kila mmoja anapokea, na wasiokuwepo wanapelekewa na mashemasi. Wenye mali wanatoa kila mtu apendavyo, kinachokusanywa kinawekwa kwa msimamizi, naye anawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Hebu funga macho. Masomo, mahubiri, sala za waamini kwa kusimama, maandalizi ya vipaji, sala ya kushukuru, Amina, komunyo, wagonjwa kupelekewa, sadaka. Jumapili iliyopita mtu amekaa kwenye benchi la kigango huko Mbozi au Machakos amepita hatua zile zile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inamnukuu kwa kirefu, namba 1345, ikionyesha kwamba umbo la misa halijabadilika tangu wakati huo. Nilipolisoma mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema.

Sasa Sabato. Kuna hoja maarufu kwamba Jumapili ililetwa na Kaisari Constantine kwa amri ya mwaka 321. Kwa Yustino hoja hiyo haisimami: yeye anaeleza mkusanyiko wa Jumapili Roma zaidi ya miaka 160 kabla ya amri ile. Sababu anazotoa ni mbili, ni siku ya kwanza Mungu alipobadili giza na kuumba ulimwengu, na ni siku Kristo alipofufuka.

Lakini katika Mazungumzo na Trypho, sura ya 47, anaulizwa habari za mtu anayemwamini Kristo na bado anashika Sabato na sheria za Musa. Anajibu kwamba kwa maoni yake mtu huyo ataokoka, mradi asiwalazimishe wengine, na kwamba tunapaswa kumpokea na kuishi naye kama ndugu. Anakiri wapo Wakristo wasiokubali kuketi na mtu wa namna hiyo, na kwamba yeye hakubaliani nao.

Jicho la Mbali:

Nimekuelewa. Hoja ya Constantine nimekuwa nikiitumia, sitaitumia tena. Ila kufanyika mapema na kuamriwa na Mungu ni mambo mawili, hapo nabaki na Maandiko yangu. Sura ya 47 naenda kuisoma leo.

Pwani Kaskazini:

Salaam wakuu. Mimi ni Mwislamu, nasoma kwa utulivu, mada imepangwa vizuri. Nina mawili. Kwanza, mnasema "mfiadini". Kwetu tunasema shahidi. Hilo neno la Kigiriki analoitwa nalo lina maana gani? Pili, naomba jibu la moja kwa moja: huyu Yustino aliamini Utatu kama mnavyoufundisha leo?

Kalamu ya Mwanzi:

Wa alaykum salaam ndugu yangu, karibu sana.

La kwanza umelipatia wewe mwenyewe. Kigiriki ni *martys*, mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Wakristo walipoanza kuuawa kwa sababu ya ushuhuda wao, neno likabeba maana ya pili bila kuitupa ya kwanza. Kiswahili chetu kupitia Kiarabu kina neno linalobeba zote mbili vile vile: shahidi wa kesi na shahidi aliyekufa kwa imani. Biblia ya Kiswahili nayo imelitumia, Matendo 22:20, "damu ya shahidi wako Stefano". Mfiadini linasema alikufa kwa ajili ya dini, ni kweli, lakini kile kizimba kinatoweka. Kwa Yustino, mtu aliyeandika hotuba za kimahakama na mwisho akasimama mahakamani kweli, shahidi linamkaa zaidi.

La pili nakujibu bila kuzunguka. Anamtaja Baba, Mwana na Roho pamoja katika ubatizo na ibada, na anafundisha kwamba Wakristo wanamwabudu Mwana. Hata hivyo lugha yake si ile ya Nisea, mtaguso wa mwaka 325. Anamweka Mwana katika nafasi ya pili na Roho wa kinabii katika cheo cha tatu, na akibishana na Trypho anasema yuko mwingine aitwaye Mungu na Bwana, aliye chini ya Muumba wa vyote, tofauti naye kwa hesabu na si kwa mapenzi. Kanisa lilitumia karne nzima na zaidi kupata maneno sahihi. Yustino alikuwa wa mwanzo kushika jembe kwenye shamba ambalo halijawahi kulimwa, na mistari yake haijanyooka yote. Simfichi.

Pwani Kaskazini:

Jibu la kiungwana. Naendelea kusoma.

Mwanga wa Kibatari:

Kuna mtu kwenye uzi mwingine alisema Yustino ndiye aliyeruhusu dini za jadi, kwamba "mbegu za Neno" maana yake kila dini ni sawa. Mnaonaje? Maana kama ni hivyo, mababu zetu walikuwa Wakristo wasiojijua.

Kalamu ya Mwanzi:

Hapa ndipo kiini cha uzi, naomba uvumilivu.

Yohana anaanza: hapo mwanzo kulikuwako Neno. Kwa Kigiriki ni *Logos*, ambalo ni neno na pia ni akili, ile busara inayoushika ulimwengu usitawanyike. Wastoiko walikuwa wakiongelea mbegu za Logos zilizotapakaa katika vitu vyote. Yustino akalichukua hilo wazo, akasema Logos huyo ni Kristo. Basi kila mwanadamu aliyeishi kwa Logos aliishi na Kristo, hata kama watu walimdhania mtu asiye na Mungu. Anawataja: kwa Wagiriki, Socrates na Heraclitus na wanaofanana nao. Kwa wengine, Abrahamu, Eliya, na wale vijana watatu wa tanuru la moto. Halafu anatamka lile neno kubwa la Utetezi wa Pili: yote yaliyosemwa vema na watu wote ni yetu sisi Wakristo.

Sasa usimnyooshe kupita alipofika. Socrates alipewa nafasi hiyo kwa sababu alipinga ibada za miungu ya mji wake na akanyweshwa sumu kwa hilo. Kuhusu mahekalu na matambiko, Yustino ni mkali: anasema nyuma yake kuna mapepo wanaowadanganya watu. Hata ibada ya Mithra, mungu mmojawapo wa mataifa zama hizo, ambayo ilikuwa na mkate na kikombe cha maji, anaiita mwigo wa mapepo. Kwake mbegu ni sehemu, na Kristo ni Logos mzima. Wanafalsafa walipingana wao kwa wao kwa sababu kila mmoja aliona kipande.

Kwa hiyo, mkuu, anayesema Yustino amezibariki dini zote hajamsoma. Lakini na yule anayesimama mimbarani akasema mababu zetu walikuwa gizani tupu, hawakujua lolote juu ya Mungu, huyo naye Yustino hayuko upande wake. Wakikuyu wanasali kwa Ngai na Biblia yao inasema Ngai. Wanyarwanda wanasema Imana, nalo limo katika Biblia yao. Majina hayo hayakuja na meli. Mtu alikuwepo kabla, akatazama mlima na mvua, akajua yuko mmoja aliye juu ya vyote, akampa jina, na jina likatosha kubeba Injili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya kazi ya kimisionari, unawataka Wakristo wazigundue kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika katika tamaduni za watu. Msemo huo asili yake ni kwa huyu kijana wa Nablus.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma. Alikuwa akituamsha alfajiri, akatutaka kumshukuru Mungu kabla ya kugusa jembe, na akasema mzazi wake alifanya hivyo kabla kanisa halijafika kijijini. Kabla ya Yustino sikujua nimweke wapi yule mzee wa kabla ya kanisa.

Mwanga wa Kibatari:

Hapo kwa bibi umenigusa. Asante.

Binti Seminari:

Niongeze jambo lisilopendeza, maana tukimpenda mtu tumseme kamili. Mazungumzo na Trypho yana maneno makali sana dhidi ya Wayahudi. Anamwambia Trypho maandiko hayo si yenu tena, ni yetu. Anasema tohara walipewa kama alama ya kuwatenga kwa adhabu, na hapo Yudea ilikuwa imetoka kuangamizwa katika vita ya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, miaka 132 hadi 135, ambayo Trypho mwenyewe aliikimbia. Kumwambia mkimbizi hivyo! Na hoja hizo zilikuja kutumiwa vibaya kwa karne nyingi na watu wenye upanga mkononi.

Kalamu ya Mwanzi:

Kweli kabisa dada, sina la kupunguza. Niseme tu jinsi kitabu kinavyoisha. Baada ya siku mbili za kubishana Trypho hajaongoka. Anamshukuru Yustino, anasema tumepata zaidi ya tulivyotarajia, na kwa kuwa unasubiri meli, utukumbuke kama marafiki. Wanamtakia safari njema, naye anawaombea, wanaachana. Waandishi wengi wangemwangusha Trypho magotini katika ukurasa wa mwisho. Yustino alimwacha aende na imani yake.

Na yapo makosa mengine ya kawaida. Aliwaandikia Warumi kwamba wamemjengea Simoni mchawi sanamu kwenye kisiwa cha mto Tiber. Mwaka 1574 pakachimbuliwa hapo jiwe lenye maandishi ya kumtukuza Semo Sancus, mungu wa kale wa Wasabini. Inaonekana alisoma Semo akaelewa Simoni.

Namalizia na kesi.

Alijua itakuja. Utetezi wa Pili unaanza na kisa cha mwanamke mmoja wa Roma aliyeongoka, mume akabaki katika ufisadi wake. Mwanamke alivumilia, ndugu zake wakamsihi avumilie zaidi, mwisho akampa talaka. Mume akamshtaki kuwa ni Mkristo. Alipoona kesi imechelewa akamgeukia mwalimu wa mwanamke huyo, Ptolemaeus. Liwali Urbicus akamuuliza swali moja tu: wewe ni Mkristo? Ndiyo. Apelekwe akauawe. Mtu aitwaye Lucius aliyekuwa pale akapaza sauti: umemhukumu huyu kwa kosa gani? Si mzinzi, si mwuaji, si mwizi. Liwali akasema naona na wewe ni wao. Ndiyo. Naye akapelekwa, na wa tatu baada yake.

Yustino anaandika kwamba na yeye anatarajia kutegwa, pengine na Crescens, mwanafalsafa aliyekuwa akiwatukana Wakristo mbele ya watu na ambaye Yustino alimshinda kwa hoja hadharani.

Ikafika karibu na mwaka 165. Marcus Aurelius sasa ndiye Kaisari. Liwali wa Roma ni Junius Rusticus, naye ni mwanafalsafa wa Kistoiko na mwalimu wa Kaisari mwenyewe. Ndiye aliyempa Marcus maandishi ya Epictetus, Mstoiko mashuhuri. Basi mwanafalsafa ameketi kwenye kiti, mwanafalsafa amesimama chini. Yale Yustino aliyoomba kwenye barua, kwamba wahukumu wapenda hekima, ameyapata.

Kumbukumbu ya mahojiano ipo, fupi, kavu. Rusticus anauliza unafuata elimu gani. Anajibu: nimejaribu kuzijua zote, nikashikamana na ya kweli, ya Wakristo. Mnakutania wapi? Kila mmoja anapopenda na anapoweza. Mungu wa Wakristo hafungwi mahali, amejaza mbingu na nchi. Rusticus anasisitiza, na Yustino anasema anaishi ghorofani juu ya nyumba ya kuogea, na yeyote aliyetaka kuja alimfundisha.

Pamoja naye walikuwa sita, akiwemo mwanamke mmoja, Charito. Rusticus anawauliza mmoja mmoja kama ni Wakristo, na kama Yustino ndiye aliyewafanya hivyo. Euelpistus, mtumwa wa nyumba ya Kaisari, anasema: mimi ni mtumwa wa Kaisari, lakini ni Mkristo pia, nimewekwa huru na Kristo, maneno ya Yustino niliyasikiliza kwa furaha, ila imani niliipokea kwa wazazi wangu Kapadokia. Hierax anaulizwa wazazi wake wako wapi. Anajibu kwamba baba yetu wa kweli ni Kristo na mama yetu ni imani kwake. Wazazi wangu wa duniani wamekufa, nami niliondolewa Ikonio ya Frigia nikaletwa hapa.

Rusticus akamrudia Yustino. Ukichapwa na kukatwa kichwa, unadhani utapanda mbinguni? Akasema: sidhani, najua.

Wakatolewa, wakachapwa viboko, wakakatwa vichwa.